Mtu wa Kushika Vifuko

Wateja walimwita Pindo, kwa kuwa suruali aliyoipinda yeye ilichakaa ikafa, pindo lake likabaki zima. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda kimoja mkabala na mahakama, ubavuni mwa kinyozi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi mno, hata mkewe, mtafiti wa mbegu za ngano, akawa anamchukua siku za mapumziko kwenda naye shamba la majaribio. Mke alilifungua suke kwa kibano, akang'oa sehemu zake za kiume zikiwa bado mbichi, naye Pindo akalivika kifuko cha karatasi lisije likapata chavua ya ovyo, ule unga wa njano wa maua. Siku chache baadaye alikishika kifuko wazi, mke akanyunyiza chavua ya suke alilolichagua.

"Tunafungisha ndoa hapa," mke alisema.

"Na mshenga hajalipwa," Pindo akajibu.

Kisha mke akapata ufadhili wa kimataifa, ule wa kuwasomesha watu wachache hadi uzamivu ili waje kuzalisha mbegu mpya za nafaka. Walioomba walikuwa kama siafu. Majirani walimwonya Pindo kwamba ndege akifunguliwa tundu harudi. Yeye alimshonea mkewe koti zito, akamwambia, "Nenda, Daktari. Mimi nipo."

Huko alikokwenda alipewa chumba kisicho na usiku. Taa ziliwaka karibu saa zote, ngano ikadanganyika, ikakimbilia kuzaa, watu wakavuna mara kadhaa kwa mwaka. Mke alishinda humo peke yake. Kadiri miezi ilivyopita, sauti yake kwenye simu ilizidi kufifia, hadi siku moja akasema, "Fundi, nadhani nitaacha. Mikono miwili haitoshi." Simu ilikatika, Pindo akabaki ameishikilia sikioni, moyo wote uko kule.

Kesho yake mchana kinyozi alimkuta ameganda kwenye cherehani. Mguu ulikuwa juu ya kanyagio, macho wazi, sindano imezama katikati ya gauni jeupe la harusi.

"Pindo! We Pindo!" Kinyozi alimshika bega, akautoa mkono upesi. Bega lilikuwa baridi kama mtungi.

Pindo akashusha pumzi. "Vipi? Si nashona?"

"Unashona nini, hewa? Nimenyoa vichwa viwili nikikuita! Umeoa daktari wa ngano, sasa umegeuka ngano mwenyewe."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Pale vidole vya Pindo vilipokuwa vimelishika gauni, palikuwa na vumbi la njano. Halikuwa chaki, chaki zake zote zilikuwa za buluu. Mwenye gauni alikuja juu kama moto wa kifuu, na Pindo akalifua kwa mikono yake mwenyewe.

Hali ile ikawa inamjia mara kwa mara. Ajabu ni kwamba mke alianza kuchangamka, wala hakutaja tena kuacha. Jumapili moja akapiga simu ya video kutoka chumbani mle, akimwonyesha Pindo masuke yaliyojaa punje. Pindo akaona, nyuma ya bega la mkewe, mgongo wa mwanamume aliyeinama kati ya ngano.

"Nani huyo?"

Mke akageuka akatazama nyuma. Kisha, polepole, "Unamwona?"

"Namwona, ndiyo! Ni nani?"

"Alhamdulillahi, basi sijarukwa na akili." Machozi yakamtoka. "Alikuja kesho yake nilipokwambia nitaacha. Hasemi. Nikimaliza suke, kifuko kiko tayari. Ananukia mafuta ya cherehani, Fundi. Tazama shati lake."

Lilikuwa shati la milia ya kijani. Pindo aliinamisha macho akatazama alilolivaa. Alipoyainua, yule mtu wa kwenye simu alikuwa ameanza kugeuka. Pindo akaizima simu, akaiweka kifudifudi mezani.

Walipozungumza tena alimsihi mkewe amfukuze.

"Nimemfukuza. Hasikii."

"Basi tafuta mtu mwingine wa kukushikia."

Mke akamwomba mwanafunzi mwenzake, naye akasaidia kwa moyo mweupe. Yule wa shati la milia akasimama pembeni, mikono wazi mbele yake, akingoja. Huku nyumbani vidole vya Pindo vikakataa sindano. Vilijikunja na kujikunjua hewani mchana kutwa, na akiwa macho kabisa alihisi joto la taa zile utosini. Alistahimili wiki nzima, kisha akampigia mkewe.

"Mrudishie kazi yake," alisema. "Ukimaliza wewe, nitakuwa nimemaliza na mimi."

Ndivyo walivyoishi hadi masomo yakaisha. Kila adhuhuri Pindo alilala kwenye mkeka nyuma ya kibanda, akapoa, na kinyozi akamlinda. "Usinifie hapa," alimwambia kila mara, "polisi wataanza na mimi."

Mke alirudi na uzamivu wake, na ngano isiyokufa kwa ugonjwa wa kutu. Kwenye uwanja wa ndege alimkumbatia mumewe kwa nguvu, kisha akageuka kuchungulia nyuma alikotoka.

"Yule mtu aliniandama hadi mlangoni mwa chumba kile," akamnong'oneza. "Nikamwambia twende nyumbani. Akasimama pale pale. Gari lilikuwa linanisubiri, Fundi. Nikaondoka."

Tangu siku hiyo Pindo hajaganda tena. Anakula vizuri, anacheka, anashona kuliko zamani. Mke sasa anafundisha vijana na husafiri mara nyingi, pengine mwezi mzima, kukagua mashamba ya mbali. Zamani akienda hata siku tatu, Pindo alikuwa halali. Sasa humbebea mkoba hadi barabarani, akamtakia safari njema kwa adabu, na kabla gari halijakata kona amekwisha keti, anamuuliza kinyozi matokeo ya mpira.

Mke alimuuliza mara moja tu. "Nikiwa sipo, hunikumbuki?"

Pindo alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayepapasa mfuko kutafuta ufunguo.

"Najua kwamba hupo," alisema.