Mjane wa Msomi Maeng

Mume wangu Maeng Cheol-gyu alisoma chuo kikuu. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu yeye mwenyewe alilitaja kwanza, hata kwa muuza samaki. La pili lilikuwa vita vya Vietnam, alikotoka na kipande cha chuma pajani na ujuzi wa kusinzia amesimama. Mimi shule sikuiona. Nilikuwa na mgahawa hapa Daegu, Korea. Akaingia kunywa supu siku ya mvua, akasahau kuondoka kwa miaka ishirini.

Mke wake wa vyeti aliishi Amerika, na talaka ilikuwa ya mwakani, kila mwaka. Shujaa aliyevuka mashamba ya mabomu alimwogopa mwanamke mmoja kwenye simu.

Mikutano ya wenzake wa chuo iliishia mezani kwangu. "Shemeji, ongeza kimchi, hiyo kabichi yako ya pilipili! Shemeji, una mkono mtamu!" Mwenyekiti wao, Bwana Tak, alilipenda neno shemeji kuliko wimbo wa chuo.

Maeng alipokufa, ukumbi wa msiba ulijaa mashada: la chuo, la wapiganaji wa zamani. Mwanawe Jun-ha, aliyetua kutoka Amerika na suti mpya, aliitazama aproni yangu. "Mama, wewe kaa jikoni. Pale mbele ni pa familia."

Nami sikutaka kingine duniani ila kusimama pale, kando ya picha yake, nihesabiwe mjane.

Nikapeleka supu. Bwana Tak hakuinua hata macho. "Mama wa jikoni, hii haina nyama."

Mchana Jun-ha alitoka kuvuta sigara. Wasomi wakachagua wakati huo huo kutoa heshima. Desturi ni kusujudu mara mbili mbele ya picha, kisha unageuka unamsujudia mfiwa. Nikavua aproni, nikasimama mahali pa mfiwa. Walipogeuka na kuniona, magoti yalikuwa yameshapinda, na kusujudu ukaishia katikati ni aibu kuliko kutokuja. Paji la Bwana Tak likagusa sakafu. Nami nikaitikia, taratibu, kama mwenye haki.

"Mzee, huyo ni mpishi tu!" Jun-ha alipaza sauti kutoka mlangoni.

Bwana Tak aliinuka uso mwekundu. Mwenyekiti mzima akiri kwamba amemsujudia mpishi, tena mbele ya wadogo zake wa chuo?

"Kijana, adabu! Mjane wa Maeng haitwi mpishi."

Basi nikabaki pale mpaka jeneza lilipotoka, Jun-ha nyuma yangu kidogo, na kila aliyeingia alinisujudia, hata dereva wa gari la maiti.