Aliyenifungulia Mlango Ladywood

Najua utakavyofanya. Utasoma mpaka katikati, utacheka, utasema huyu dada baridi ya Birmingham imemwingia kichwani. Haya, cheka. Lakini sikusimuliwa na mtu. Nimeyaona mwenyewe, nimeshiba, sina homa, na nilikuwa kazini nimevaa kitambulisho shingoni. Na wala mimi si mtu wa kuamini amini mambo. Kule Morogoro bibi yangu akianza habari za mizimu nilikuwa natoka nje kucheza.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kufunga watu bangili, na usije ukadhani ni za dhahabu. Mtu akishtakiwa, na hakimu akaona si lazima asubiri kesi akiwa rumande, humpa dhamana kwa sharti la kukaa nyumbani kwake kuanzia saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi. Hapo ndipo nilipokuwa naingia mimi. Namfunga mguuni kidude cheusi kama saa kubwa ya plastiki, naweka kisanduku sebuleni, na kuanzia hapo kisanduku kinausikiliza ule mguu usiku kucha. Mguu ukipotea, taarifa inaenda ofisini. Ukipotea mara kadhaa, polisi wanakuja na dhamana imekwisha.

Kabla ya kuondoka lazima upime. Mshtakiwa anatembea nyumba nzima, kila chumba na kila kona, wewe umeshika mashine yako unaangalia kama kisanduku bado kinamwona. Na bafuni, hapa nisikilize vizuri, bafuni lazima aingie kwenye hodhi la kuogea alale chali na nguo zake, maana mahodhi mengine ni ya chuma na yanaziba mawimbi. Tulifundishwa hivyo siku ya kwanza kabisa.

Mwezi wa Novemba nikatumwa mtaa wa Ladywood, kwenye moja ya yale majengo marefu, ghorofa ya kumi na moja. Mlango ukafunguliwa na mzee wa Kikenya, Mzee Mutiso, miaka sitini na nane, mjane, anaishi peke yake. Alikuwa dereva wa basi mpaka alipostaafu. Walisema amempiga mtu ngumi kwenye maegesho ya magari. Yeye alisema alisukumwa naye akasukuma. Hilo halikuwa langu kuamua.

Nilimwambia shikamoo bila kufikiri. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nyinyi Watanzania na shikamoo zenu! Umekuja kunifunga kama mwizi na bado unaniamkia?"

Nikacheka na mimi, lakini nilipopiga magoti na yeye akavua soksi, kicheko kilikwisha. Mguu wake ulikuwa kama wa baba yangu, kisigino kimepasuka vilevile. Nikafunga bangili, nikapitisha kidole kuangalia kama haimbani. Akasema taratibu, "Ni sawa, msichana wangu. Fanya kazi yako."

Tukapima sebule, jikoni, chumba cha kulala. Tulipofika bafuni akasimama mlangoni na fimbo yake ya kutembelea. Ndani kulikuwa na hodhi la zamani, la chuma, zito, refu. Sasa niambie wewe uliyelelewa kwa adabu: ungeweza? Ungemwambia mzee wa rika la baba yako, "Baba, ingia humo ulale nikuangalie"? Mimi ulimi uligoma. Nikasema, "Hapa pako sawa, mzee," nikaweka alama ya ndiyo kwenye fomu, nikaondoka zangu. Njiani nilijisifu kwamba nina heshima.

Ikafika Januari. Msimamizi wangu, mama mmoja Mwingereza, mzaliwa wa hapa hapa, akaniita. Mzee Mutiso alikuwa amepotea mara tatu ndani ya wiki mbili. Kila mara ni saa mbili za usiku, kila mara nusu saa hivi, na akipigiwa simu iliyomo kwenye kile kisanduku hapokei. Baadaye akiulizwa anasema alikuwa ndani. Ndani wapi? Hasemi.

"Nenda leo saa hiyo hiyo," akaniambia. "Asipofungua, andika hayupo. Hiyo itakuwa ya nne, na kesho watamchukua."

Je, nililikumbuka lile hodhi? Nililikumbuka. Sitakudanganya. Nililikumbuka palepale nikiwa nimesimama mbele ya meza yake, nikalisukuma nyuma ya kichwa, kwa sababu kulisema ilikuwa ni kusema kwamba nimeandika uongo kwenye karatasi ya mahakama.

Nikafika saa mbili na dakika chache. Lifti ilikuwa mbovu, nikapanda ngazi ghorofa zote kumi na moja nikihema. Nikabisha. Kimya. Nikabisha tena, nikaita jina lake. Kimya. Mara ya tatu nikagonga kwa ngumi hadi jirani akachungulia akafunga mlango wake. Nikatoa simu ya kazi, nikafungua fomu. Kidole changu kilikuwa juu ya neno "hayupo". Sijabonyeza.

Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, amejifunga kanga kifuani juu ya blauzi na amekunja mikono ya blauzi juu ya viwiko. Mikono yake ilikuwa imelowa. Matone yalikuwa yanadondoka kwenye zulia, nayaona. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekatizwa kazi lakini hakukasirika.

"Karibu, mum," akasema. "Ako ndani. Hawezi kukuskia."

"Samahani kwa kusumbua, mama," nikasema. Nilidhani ni ndugu, au mtu wa kanisani kwao aliyekuja kumsaidia. Ungedhani nini kingine?

Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtoto aliyevunja kikombe akakificha.

"Ile siku hukuangalia bafu."

Nakwambia, nilirudi nyuma hatua moja. Jambo lile nilikuwa nalijua mimi peke yangu. Hata mzee hakujua kwamba kulikuwa na kitu cha kuangaliwa. Yeye akanishika mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, maji yake yakaingia kwenye koti langu, akasema, "Kuja." Tukapita kwenye ujia. Mlango wa bafuni ulikuwa umerudishiwa. Akaniachia pale, nami nikausukuma.

Mzee Mutiso alikuwa amelala ndani ya hodhi, na nguo zake zote, sweta na suruali, mikono kifuani. Hodhi lilikuwa kavu. Hakuna tone la maji mle. Vidude anavyovaa masikioni ili asikie alikuwa amevivua, viko ukingoni. Nilidhani amekufa. Nikapiga kelele, naye akafumbua macho akashtuka kuliko mimi.

"Wewe! Umeingiaje?" Akapapasa vile vidude, akavitia masikioni.

"Nimefunguliwa mlango, mzee."

"Na nani?"

Nikageuka. Ujia ulikuwa mtupu. Nikaenda sebuleni, jikoni, chumbani. Nikaenda mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa, na mnyororo wake umetiwa kwa ndani, vilevile kama mzee alivyoutia jioni. Nilisimama nikiushika ule mnyororo sijui kwa muda gani. Niliporudi, mzee alikuwa ameketi mle hodhini, amekumbatia magoti. Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu yule mama, si sura yake wala kanga yake. Yeye ndiye aliyeniuliza.

"Mikono yake ilikuwa na maji?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akafunika uso kwa viganja akalia. Sijawahi kumwona mzee akilia namna ile, na sikuthubutu kumwambia anyamaze.

Alikuwa mkewe, Nduku. Miaka ishirini alifanya kazi ya kuogesha wazazi wa watu wengine hapa mjini, na hakuwa na tabia ya kujifuta mikono, anakwenda kufungua mlango huku inachuruzika maji. Alipougua yeye, mzee ndiye aliyekuwa anamwogesha, kila siku saa mbili za usiku, ndani ya hodhi lile lile, mpaka mwisho. Ilikuwa miaka miwili tangu azikwe. Na tangu siku ya mazishi, kuna siku upweke ukimzidi, saa hiyo ikifika, mzee anavua vile vidude vya masikio, analala pale ndani, anamwongelesha.

"Ningesema nini kwa korti?" akaniuliza. "Ati mzee mzima analala kwa bafu bila maji, anaongea na bibi yake? Wangesema nimepagawa. Afadhali waseme nilitoka."

Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

"Miaka miwili namngoja hapa. Miaka miwili! Halafu anakuja kukufungulia wewe."

Nilikaa ukingoni mwa hodhi nikalia naye. Halafu nikafuta kamasi nikatoa mashine yangu. Nikamwomba alale. Kisanduku kikasema hayupo. Nikamwomba akae. Kikasema yupo. Tukarudia mara nne. Mzee alikuwa hajatoka nje hata siku moja. Aliyekuwa anampeleka rumande ni mimi, na heshima yangu.

Sasa fomu. Ningeweza kuandika kwamba kisanduku kimeharibika, nikaleta kingine, nikanyamaza. Lakini zile mara tatu zingebaki kwenye faili, na juu yake ingebaki alama yangu ya Novemba inayosema bafu limepimwa na liko sawa, kwa hiyo mzee ndiye angekuwa mwongo. Nikaandika yote. Nikaandika kwamba sikupima bafu, nikaandika alama ile ni ya uongo. Na fomu yetu ina sehemu huwezi kuiruka, haikubali kutumwa mpaka uijaze: nani alifungua mlango, na ana uhusiano gani na mshtakiwa. Nikaandika: mkewe.

Asubuhi msimamizi akaniita, akafunga mlango. Akaniita "bab", kama wanavyosema watu wa Birmingham wakikuhurumia.

"Bab, hapa imeandikwa ni mjane. Anaishi peke yake."

"Ndiyo."

"Basi nani alikufungulia?"

"Niliyemwandika."

Hakucheka. Akaufuta ule mstari yeye mwenyewe, akaandika "mkazi", akasema ya bafu atayapeleka mahakamani mchana ule ule, ila na mimi nijue yatakayonipata. Mzee hakuchukuliwa. Bangili ilifunguliwa Machi, kesi iliposikilizwa akaachiwa. Mimi nilifukuzwa kabla ya hapo, na silalamiki, maana kweli niliandika uongo. Siku hizi naogesha wazee kwenye nyumba moja ya kulelea kule Selly Oak.

Unataka kujua kilichobaki? Mkono wa koti langu haukukauka mpaka siku ya tatu, nimeuweka juu ya hita usiku na mchana. Na hadi leo, nikiwa kazini nimechoka, nikataka kuandika kwamba nimemgeuza mgonjwa ubavu kumbe sijamgeuza, nasikia ubaridi hapa juu ya kifundo cha mkono wa kulia. Naangalia, pamelowa. Naweka kalamu chini naenda kumgeuza. Basi na wewe unayejaza fomu, hospitali, shuleni, popote, usiweke alama mahali ambapo hukufika. Usione haya kama nilivyoona mimi. Yupo anayejua, na si wote watakaokuja kukuambia kwa upole kama alivyoniambia yule mama.

Na mzee? Aliniomba kitu kimoja tu, nije kubisha tena kama usiku ule, nikashindwa kukataa. Kila Alhamisi saa mbili za usiku napanda ghorofa ya kumi na moja. Yeye yumo hodhini, mnyororo umetiwa. Nabisha mara tatu, naita jina lake, nangoja. Nusu saa nzima nasimama pale na koti langu. Mwisho nasikia fimbo yake ikija taratibu kwenye ujia, mnyororo unatolewa, anafungua yeye mwenyewe. Hasemi karibu. Kwanza anauangalia mkono wa koti langu, anaushika, anaupapasa kama umelowa.