Lenzi ndefu, rangefinder, na shemeji aliyekwenda kutafuta kuni

Wakuu, hamjambo humu? Mimi ni mzee wa Kasongo, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Kwa umri huu uongo utanisaidia nini?

Naona mnabishana kuhusu lenzi ndefu kwenye kamera za rangefinder, zile za filamu. Chukueni yangu, ya wakati wa Wabelgiji.

Nilikuwa na lenzi ya milimita 135, kuukuu, nzito kama mchi.

Nyie wa simu hamjui: kwenye rangefinder huangalii kupitia lenzi. Unaangalia kidirisha cha pembeni. Mtu anaonekana wawili, unazungusha pete mpaka waungane. Hapo ndipo fokasi.

Mke wangu Asha ni pacha. Mwenzake, Zaina, alibaki kwao Kabambare.

Asha akiwa na mimba kubwa, usingizi ukamkimbia. "Baba, uende uniletee foto ya Zaina. Royo yangu haitulie." Kwao roho ni royo.

Nikadandia lori la pamba. Kufika, mama mkwe akasema, "Zaina alienda kutafuta kuni."

Upande gani? Akanyoosha kidevu ng'ambo ya mto. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji.

Sawa, si nina lenzi ndefu?

Nikamwona. Mchana kweupe, kitenge cha bluu, ameinama. Akainuka, akanitazama.

Nikazungusha pete. Wale wawili wakakaribiana, halafu wakaachana. Nikazungusha hadi mwisho, wapi! Nikabonyeza hivyo hivyo.

Wakati wa kurudi nikamsimulia dereva wa lori, mtu wa kule kule. Akapunguza mwendo.

"Mukubwa, kwetu pacha hatusemi amekufa. Tunasema alienda kutafuta kuni. Huyo tulishamuzika. Na mwenzake asimulilie hata chozi moja, akimulilia atamufuata."

Mungu wangu! Na Asha ananisubiri na tumbo lile.

Nikasafisha filamu, nikatoa foto. Mto, vichaka, basi. Hakuna mtu.

Nikajiandaa kusema filamu imeungua, Asha akaninyang'anya foto. Akaikazia macho mpaka nikaogopa. Kisha akatabasamu, hata chozi halikudondoka.

"Huyu hapa. Iko na kuni mingi hivi!"

Wakuu, sikuwa nimemtajia kuni.

Alijifungua salama. Foto iko ukutani hadi leo, anaisalimia kila asubuhi. Mimi naona vichaka tu.

Nilichojifunza: kwenye rangefinder, jicho na filamu haviangalii kitu kimoja. Usiape kwa ulichokiona.

Wataalamu, ni parallax, ile tofauti ya kidirisha na lenzi, au ni nini? Semeni, ila kwa adabu. Asha amekaa hapa, namsomea majibu.