Maji ya Mwizi wa Maneno

Tulipokuwa wadogo kule Uvira, mama alikuwa anaanika mihogo juu ya mabati ya jikoni, na kazi yangu ilikuwa kufukuza mbuzi wa jirani. Mbuzi yule alikuwa na pembe moja na akili kuliko mwalimu wangu wa la tatu, mwalimu niliyemkimbia mapema, lakini hiyo si habari ya leo. Pembeni ya mihogo tulianika betri za redio, zipate joto zifufuke. Mama alikuwa anasema, "Nyie watoto, siku moja tutakula ugali wa betri." Tunacheka, tunashusha betri, tunatia kwenye redio, donc basi kaseti inaanza kuzunguka.

Hapo ndipo hip-hop ilituingia. Wale watu wa Amerika waliongea haraka kama wanaogombana sokoni, hatukuelewa hata neno, lakini kichwa kilitikisika chenyewe. Tukaanza kurap kwa Kiswahili chetu, na sheria ilikuwa moja: sema ulichoona kwa macho yako. Ukiiba maneno ya mwenzako, unabeba bidoni, unashuka ziwani, unachotea nyumba yao maji huku watoto wanakuzomea nyuma. Hakuna aliyebisha.

Rafiki yangu Safari alitushinda wote. Vita vilipokuja alikuwa kijana mkubwa tayari, lakini homa ilimlaza, na mama yake, Mama Nyota, alimbeba mgongoni hivyo hivyo mpaka mpakani. Yule mama akafia kambini. Safari akatunga mistari juu ya ule mgongo. Picha ya mama hana. Ana ile mistari tu.

Bon, leo tuko Amerika kwenyewe. Mimi niko Louisville, napanga maboksi kwenye depo huku Okolona. Safari walimpeleka Buffalo, kwenye baridi. Na vijana wetu je? Betri zao haziishi, muziki wote wa dunia uko mfukoni, na kutunga kitu chao wenyewe kunawashinda. Wanaimba pesa ambazo hawana, na bunduki ambazo sisi ndio tulizikimbia.

Mwaka juzi Safari alikuja kwa basi kwenye harusi ya binti yangu. Katikati ya sherehe, mdogo wa bwana harusi, kijana wa Columbus, akashika mikro. Akaanza kurap, nikaacha kutafuna. Ilikuwa ni mistari ya Safari, ile aliyotutumia kwa sauti kwenye kundi letu la simu siku ya kumkumbuka mama yake, watu wakaisambaza. Neno kwa neno. Ila penye jina la Mama Nyota, kijana alitia jina la gari.

Watu wakashangilia, wakamtupia dola. Safari alisimama polepole, akamfuata mpaka pale mbele.

"Mtoto, maji ya kwetu unaleta lini?"

"Pole tonton, mjomba, una kiu," kijana akasema, na kwa kweli akaenda kumletea chupa ya maji baridi kutoka meza ya maharusi.

Sisi wachache wa Uvira tulielewa. Wengine wote walicheka, na mimi nilitaka kupasua ile spika. Safari aliipokea chupa kwa mikono miwili, kwa adabu ya kwetu, akaiweka mezani bila kuifungua. Akachukua koti lake. Nilimwita. Akapita mlangoni, na Louisville hajaikanyaga tena.