Mkeka Mwekundu wa Jumanne

Tangu alipokabidhiwa kata ile ya karibu na Mbegani, mwaka 1973, Biubwa hakujua kukaa kitako. Yeye ndiye Bibi Maendeleo, na kilichomkera kilikuwa miguu ya kina mama. Jumatatu mtoto alipelekwa kupimwa uzito, Jumatano mama akafuata maziwa ya unga, Alhamisi akamfuata bwana shamba kuomba mbegu za kunde. Aliyekuwa hohehahe kuliko wote ndiye aliyechoka mapema akabaki kwake. Miezi minne Biubwa alizibembeleza ofisi tatu, mpaka zikakubali siku moja, Jumanne, chini ya paa la shule ya vidudu.

Kisha, kwa nia njema kabisa, akatandika mkeka mwekundu: waliopungua uzito wakae hapo, wahudumiwe na kupewa uji kwanza.

Jumanne ya tano Mwaija, mmoja wa kina mama wa mkekani, hakuja. Mwanawe Mwishehe alikuwa na miezi kumi na minne na miguu iliyoanza kuvimba. Nesi alisema mtoto yule hawezi kungoja. Jumanne ya sita hakuja tena. Biubwa akafunga safari.

Alimkuta uani akikuna nazi, pamoja na Bi Mina, somo yake Mwaija, aliyemfunda unyagoni.

"Shikamoo, Bi Mina."

"Marahaba. Umekuja kututandikia mkeka na huku?"

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto, bibi."

"Mtoto ana mama," alisema Mwaija bila kuinua uso.

Bi Mina alicheka kicheko kikavu. "Wewe si mzaliwa wa papa hapa? Au kusoma kumekusahaulisha? Mtoto wa ziwa akidhoofika, watu husemaje?"

Biubwa alijua. Husema amebemendwa: mama amerudi kwa mwanamume kabla ya kumwachisha mtoto ziwa. Na Kitwana, mume wa Mwaija, alikuwa Saadani akikausha samaki tangu mtoto hajatambaa.

"Kitwana yuko Saadani, mimi niko mkekani," Mwaija alisema. "Basi ni nani? Ameshasikia. Ameleta salamu kwamba mwezi ukiandama anarudi, na anataka jawabu."

"Nitauondoa mkeka."

"Ukiuondoa," alisema Bi Mina, "watasema umemfichia aibu yake. Uliutandika wewe. Ukaukalie wewe."

Njiani Biubwa hakutulia. Milango yote ya ofisi alikuwa ameibisha; mlango wa somo, unaofunguka kabla ya yote, hakuukumbuka. Je, alijisahau, au alijiona amekwisha kuupita? Swali hilo lilimchoma kuliko jua.

Jumanne iliyofuata aliketi mkekani na mwanawe Abdala, mnene kama kibuyu.

"Ee, Bibi Maendeleo!" mmoja akapaza sauti. "Na Mwalimu Bwanausi kashindwa kusubiri?"

Kicheko kikalipuka. Kabla ya alasiri mumewe, huyo Mwalimu, angeyasikia hayo barazani, penye kahawa. Biubwa alimpakata Abdala vizuri. "Mdomoni mwenu nani hayumo? Njooni mkae, uji unapoa."

Hakuna aliyesogea. Ndipo Bi Mina akafika, akajishusha kwa magoti yake mabovu, akanyoosha miguu. "Nipeni kikombe. Nami nimebemendwa, miaka sitini na tano sasa."

Safari hii walicheka na huku wakija. Wanene na waliokonda wakachanganyika, nesi akachota kutoka sufuria moja, na mkeka haukutosha tena.

Mwaija alikuja uji ukiwa umebaki chini. Hakusalimu. Alikaa ukingoni, mgongo kwa watu. Mwishehe alikamata kikombe kwa mikono miwili, akanywa bila kupumua.

"Kitwana niachieni mimi," Bi Mina alisema polepole. "Mama yake pia nilimfunda."

Biubwa hakuthubutu kufurahi. Mtoto bado hajapimwa, mwezi bado haujaandama. Aliinuka upesi kwenda kuinamisha sufuria, aone kama kimesalia kikombe kingine.