Bi Jalila atafuta kamera ya kuonyesha vidole

Ni saa mbili asubuhi mjini Ksar Hellal, Tunisia. Jalila Kammoun ameweka kiganja cha kushoto juu ya kichwa cha cherehani kama mama anayempima mtoto homa. Mguu wake unakanyaga pedali taratibu. Macho ameyafumba.

Mwenye cherehani, mshona mapazia aitwaye Mongia, anamweleza matatizo bila kupumua. Uzi unakatika, mashine inapiga kelele, pengine mota imekufa. Yote hayo anauambia mgongo wa fundi.

Jalila anafumbua macho. Anafungua kifuniko cha chini, anaingiza kibano, anachomoa kipande cha uzi mweusi kisichozidi urefu wa kucha na kukiweka kwenye kiganja cha Mongia.

"Hiki tu?" Mongia anashangaa, safari hii akimtazama usoni. "Yaani nimekosa usingizi kwa ajili ya huyu mdudu?"

Jalila anacheka na kuinua vidole vitano. Mongia analipa dinari tano, halafu anafungua kitambaa na kumwachia mkate wa tabuna ambao bado una moto wa tanuri.

Pembeni, juu ya stendi ya miguu mitatu, kamera ndogo ya video imeyaona yote. Jioni cherehani hiyo na kipande hicho cha uzi vitakuwa somo mtandaoni.

Jalila ana miaka 47. Hasikii tangu alipokuwa na miaka minne, alipougua homa ya uti wa mgongo. Huzungumza kwa mikono na husoma midomo ya watu; mashine huzisoma kwa mtetemo kiganjani. Katika mazungumzo haya mkalimani ni mdogo wake, Rafika, anayeuza vifungo na zipu katika nusu ya pili ya duka hilo hilo.

"Mkalimani wangu ana kasoro moja," anasema Jalila kwa mikono. "Nikisema maneno matano, yeye anatoa kumi."

"Ni kweli," anakiri Rafika. "Yake matano, na matano ya kusafisha ukali wake."

Ufundi aliupata kiwandani, alikoshona suruali za jinzi kwa miaka kumi na sita. Mashine yake ilipoharibika alilazimika kumsubiri fundi, na kusubiri kulimpunguzia posho. Siku moja alimshika mkono mzee Hamadi, fundi mkuu, akauweka juu ya mashine na kumwonyesha kwa kidole mahali hasa penye ugonjwa. Mzee akafungua. Ugonjwa ulikuwa pale pale.

"Hakuniuliza nilijuaje. Alinipa bisibisi," anasema. "Mungu amrehemu. Wangapi wangenirudisha kwenye kiti changu?"

Kiwanda kilipofungwa, alikodi duka hili. Mwezi mzuri humwingizia dinari mia tisa, mwezi mbaya mia sita. Si utajiri, ila kodi inalipwa na mama yao anapata dawa.

Habari ya kamera ilianza Machi mwaka jana. Katika mji wa jirani kuna kituo kidogo kinachowafundisha ufundi wasichana viziwi. Mwalimu wao wa kutengeneza cherehani alistaafu, na hakupatikana mwingine anayejua lugha ya ishara. Wanafunzi walikuwa sita. Kiwanda kimoja kilikuwa kimeahidi kuwapa jaribio mwezi Juni: atakayefaulu ataajiriwa.

Mkuu wa kituo alimfuata Jalila. Lakini kufunga duka kila siku kungekuwa kufunga jiko. Wakakubaliana afundishe kwa video, wasichana wazione kituoni na wao wafanye kwa mikono yao.

Video za kwanza alizirekodi kwa simu. Hakuwa na pa kuisimamisha isipokuwa juu ya makopo ya vifungo ya Rafika. Ilianguka. Kumbukumbu yake ilijaa. Mteja akipiga, somo linakatika. Na kwa kuwa simu ilimpa mgongo alipokuwa akifundisha, hakujua kama mikono yake imo ndani ya picha au imetoka.

"Nusu ya somo zima, watu walimwona kidevu," anasema Rafika. "Kidevu kizuri, lakini hakifundishi cherehani."

Aprili wakaamua kununua kamera. Waliichagua kwa kutazama boksi. Ilikuwa mpya, boksi limeandikwa tarakimu kubwa kubwa, bei dinari mia mbili na sitini. Muuzaji aliapa kwamba inakuza kitu mara mia moja na ishirini. Walifika nyumbani wanatabasamu.

Juani ilipiga picha safi. Ndani ya duka, chini ya taa, vidole vya Jalila viligeuka moshi. Akivuta karibu ili aonyeshe tundu la sindano, picha ilipasuka vipande kama vigae vya bafuni.

Kwa mtu anayesikia, picha yenye ukungu ni kero. Kwa kiziwi ni jambo jingine kabisa. "Kwetu kidole ndicho neno," anaeleza Jalila. "Kidole kikififia, neno limefifia. Ni sawa na mwalimu wako afundishe na shuka mdomoni."

Madhara hayakuchelewa. Katika somo la kusogeza ndoano inayokamata uzi, Jalila alionyesha robo mzunguko. Mwanafunzi mmoja, Sirine, akaona nusu. Akakaza nusu. Mashine ilipowashwa, ndoano iliigonga sindano na vyote viwili vikavunjika. Ilikuwa mashine nzuri kuliko zote pale kituoni.

Sirine alilia siku nzima. Mkuu wa kituo alimwandikia Jalila ujumbe wa heshima lakini mfupi: kama video haziwezi kueleweka, heri waache kabla hawajamaliza mashine zote.

"Siku ile nilitaka kuacha," anasema Jalila. "Nikajiona nimewadanganya watoto wa watu. Kisha Sirine mwenyewe akanitumia ujumbe: 'Shangazi, usikasirike, nifundishe tena.' Yeye ndiye aliyevunjikiwa na mashine, na ananiomba mimi nisikasirike! Ningeacha vipi?"

Muuzaji wa kamera ile alikataa kuipokea tena. Wakaiuza kwa nusu ya bei kwa jirani anayeipeleka ufukweni, ambako jua halikosekani. Rafika akaongezea fedha alizokuwa ameweka za zulia jipya.

"Zulia nini," anasema. "Tungelikanyaga tu."

Safari hii hawakwenda kutazama maboksi. Walikwenda Sousse, kwa Nejib Fourati, mwanamume wa miaka hamsini na minane aliyepiga picha za harusi kwa zaidi ya miaka ishirini na sasa anauza kamera zilizotumika. Duka lake ni jembamba kiasi kwamba wateja wawili wakikutana, mmoja hurudi nyuma.

Nejib hakuwauliza wana dinari ngapi. Aliuliza, "Mnarekodi nini, na mnarekodi wapi?"

Rafika akaeleza: vidole na sindano, ndani ya duka, chini ya taa ndefu ya tyubu, anayerekodi na anayerekodiwa ni mtu yule yule.

"Basi sahau namba za kwenye boksi," alisema Nejib. "Boksi halirekodi. Njoo hapa." Akazima taa ya mbele, akaweka kamera tatu juu ya kabati, akamwambia Jalila atie uzi kwenye sindano mbele ya kila moja. Jalila, ambaye mkoba wake haukosi sindano wala uzi, akafanya hivyo.

Wakatazama kwenye runinga. Ya kwanza ilitoa moshi ule ule. Ya pili ilikuwa afadhali, lakini skrini yake haigeuki, kwa hiyo usingeweza kujiona ukiwa mbele yake. Ya tatu ilionyesha hata mkunjo wa kidole gumba.

Nejib akachangamka. "Na hii, dada yangu, subiri usikie sauti yake! Ina maikrofoni mbili. Hata nzi akipita unamsikia. Bei imepanda kwa sababu ya sauti, lakini..."

Akakumbuka anasema na nani. Uso wote ukamwiva.

Jalila, aliyekuwa amesoma kila neno midomoni mwake, alicheka mpaka akaketi juu ya boksi. Kisha akasema kitu kwa mikono, na Rafika akagoma kutafsiri.

"Amesemaje?" aliuliza Nejib.

"Hakuna kitu."

"Mwambie vizuri," Jalila akamsukuma mdogo wake kwa kiwiko.

"Anasema, toa huyo nzi, halafu umpunguzie bei."

Nejib naye akacheka kwa aibu na nafuu. Bei ya kamera ile ilikuwa dinari mia saba na hamsini. Wao walikuwa na mia tatu na kumi. Hata nzi wangetolewa wote, pengo lingebaki. Dada wawili wakaanza kufunga mkoba.

Hapo ndipo Nejib alipopiga magoti na kuvuta kitu chini ya kabati. Kilikuwa kimefungwa kwa taulo. Kamera ya video, aina ile ile na ya tatu, ila kuukuu zaidi, rangi imechubuka mahali mkono unaposhika.

"Hii nimefanyia harusi labda mia mbili," alisema. "Lenzi yake ni kioo hasa, inavuta karibu bila kuchakaza picha. Skrini inageuka ikutazame. Betri inabadilishwa, na unaweza kuichomeka ukutani ukarekodi kutwa. Lakini siuzi. Ni mbovu. Miaka miwili iko hapo chini, kila anayeitaka namwambia ukweli anaondoka."

"Mbovu wapi?" akauliza Rafika.

Nejib akasita, akamtazama Jalila. "Haisikii. Maikrofoni ilikufa, na tundu la kuchomekea nyingine limekufa pia."

Rafika hakuhitajika kutafsiri. Jalila alikwisha nyoosha mikono yote miwili, akaichukua kamera na kuikumbatia. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ambayo huitoa mara chache kwa wageni: "Mzima. Huyu mzima."

Walilipa dinari mia mbili na thelathini. Nejib akaongeza stendi, kadi mbili za kumbukumbu na saa nzima ya mafunzo: jinsi ya kuzuia picha isimemeteke chini ya taa ya tyubu, jinsi ya kuvaa nguo ya rangi moja ili mikono ionekane. Chakula cha mchana kilipofika aliwalazimisha wale, mabakuli matatu ya lablabi, supu ya dengu, yenye yai na pilipili ya harisa ya kutosha kumtoa mtu machozi.

"Nimeuza vitu vingi," anasema Nejib kwa simu kutoka Sousse. "Lakini mteja akinishukuru kwa kitu nilichokionea haya? Mimi ndiye ninayemshukuru. Ile kamera ilinilea. Nilikuwa sina moyo wa kuitupa."

Tangu Aprili ile hadi Juni, Jalila alirekodi kwa kamera hiyo masomo thelathini na moja. La kwanza lilikuwa robo mzunguko, lililorudiwa mara nne, vidole vikijaza skrini nzima.

Siku ya jaribio kiwandani alifunga duka na kwenda kusimama nje ya geti. Wasichana wanne kati ya sita walifaulu. Sirine alikuwa mmoja wao. Wawili waliobaki walirudia Novemba. Mmoja akapita, mwingine akasema mashine hazimtaki, akaenda kujifunza kuoka.

"Na keki zake ni nzuri kweli," anasema Jalila. "Namshukuru Mungu hata kwa yeye. Kila somo langu anatazama, ananitumia picha ya keki."

Sasa masomo hayo yanatazamwa hadi Algeria na Libya, na baadhi ya wanaoyatazama wanasikia vizuri kabisa. Mmoja, mshona magunia, alimwandikia kwamba ni video pekee za ufundi zisizompigia muziki.

Lakini jambo linalomshughulisha siku hizi haliko dukani. Huko Kairouan yupo mwanamke kiziwi aitwaye Zohra, mfumaji wa mazulia mwenye miaka themanini na moja. Hakuwahi kusoma shule. Yeye na wenzake watatu, viziwi wa karakana moja, walijitungia ishara zao wenyewe za rangi, mafundo na michoro. Wenzake wote wamekwisha fariki. Amebaki yeye peke yake anayejua lugha ile.

Jalila amemtembelea mara moja. Walikaa kutwa wakielewana nusu nusu. Zohra alimwonyesha ishara ya rangi ya komamanga lililopasuka, na Jalila anakiri kwamba hakuwahi kujua rangi hiyo ina jina.

Alhamisi hii atafunga duka na kupanda basi pamoja na Rafika. Wamepanga kulala huko siku tatu, na kurudi kila mwezi mpaka kila ishara irekodiwe.

"Nilimwuliza kama atakubali nimrekodi," anasema Jalila. "Akaniuliza, 'Wanaotazama watakuwa wangapi?' Nikamwambia sijui, labda elfu. Akaitazama mikono yake, akaipaka mafuta ya zeituni, akasema, 'Basi uje asubuhi. Asubuhi mikono haitetemeki.'"