Mkanda wa Lori

Mjengoni nikisema mzigo haupandi, haupandi. Wananiita mkaidi. Nimezoea, na wote wanaoniita hivyo wako hai.

Pale Malaba, kwenye foleni ya malori yanayovuka kwenda Uganda, madereva huitupa mikanda ya kufungia mizigo ikianza kuchakaa. Sisi wajenzi tulikuwa tukiiokota kwa furaha. Mkanda ulioshikilia shehena tangu Mombasa ungeshindwaje na nondo chache? Maneno hayo yalikuwa yangu, na niliyasema kwa sauti kuliko wote. Sikutaka kujua kwamba jua, mvua na kona za vyuma vilikuwa vimeshaila mikanda hiyo.

Siku moja, kwenye ghorofa tuliyokuwa tukijenga Busia, nilizungusha mkanda wa aina hiyo kwenye fungu la nondo, nikaukaza, nikawapigia mluzi wenzetu wa juu waliokuwa na winchi wapandishe. Rafiki yangu, tuliyepanga naye chumba kimoja, alikuwa chini akiliongoza fungu kwa mikono lisigonge ukuta.

"Vuta, boss, chai inapoa!" akapaza sauti.

Fungu lilipofika usawa wa ghorofa ya pili, mkanda ukakatika. Alikufa pale pale.

Tulipompeleka kwao Kocholia kuzikwa, mama yake aliniuliza, "Nani alifunga hiyo mzigo?"

"Mkanda ulikatika, mama," nikamjibu. Miaka minne nilikaa na aibu ya jibu hilo, na sikurudi kwake.

Mwezi uliopita nilikuwa msimamizi wa mjengo Malaba. Mwenye jengo akaniletea mkanda wa lori.

"Boss, hii imeshika mzigo kutoka Mombasa, itashindwa na hizi chuma?"

Ilikuwa kama najisikia mimi mwenyewe nikisema miaka ile. Nikachukua msumeno, nikaukata ule mkanda vipande vinne mbele ya macho yake. Alifoka, akanifukuza kazi papo hapo. Mimi nikakalia fungu la nondo.

"Kazi chukua, boss. Lakini hii mzigo haiendi juu na hiyo kitu."

Mafundi nao wakaweka vifaa chini. Ikabidi mnyororo uletwe kutoka Bumala, nami nikabakizwa kazini kwa kununiwa. Niliukagua pete kwa pete, nikamwondoa kila mtu chini ya mzigo, tukaliongoza fungu kwa kamba ndefu tukiwa mbali. Likatua juu salama. Nilijivunia, sifichi.

Jumapili nikachukua boda hadi Kocholia. Mama alikuwa anaanika mtama uani.

"Mama, ule mzigo nilifunga mimi," nikasema kabla hata sijakaribishwa kiti.

"Najua. Waliniambia siku ya mazishi. Nilikuwa nangoja wewe."

Nililia mbele yake bila kujificha. Aliniacha nimalize, huku akiutandaza mtama kwa kiganja.

"Na sasa, huko kazini, nani anafunga?"

"Ni mimi, mama."

"Basi funga vizuri."